Luger: vipande vidogo vilivyobadilika kwa miaka arobaini

Weka picha mbili kando kwa kando: bastola ya Luger iliyotengenezwa Berlin mwaka 1900 kwa ajili ya jeshi la Uswisi, na nyingine iliyotoka kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf mwaka 1942. Asiyezijua atasema ni pacha. Mpini umelala vilevile, mtutu ni mwembamba vilevile, na nyuma ya mtutu kuna vile vifundo viwili vya duara vilivyochomoza kulia na kushoto. Zifungue sasa, uvipange vipande vyake mezani. Springi si ileile. Kucha ya kuvutia ganda si ileile. Usalama unafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Na kwenye ile ya zamani kuna kijikufuli kidogo kwenye kifundo cha kulia ambacho kwenye ile mpya hakipo hata alama yake.

Wengi wanaoandika kuhusu Luger huishia kwenye umbo lake na jina lake. Kwangu mimi, historia yake hasa imo kwenye hivi vipande vidogo. Wazo kuu la bastola hii halikuguswa tangu mwanzo hadi mwisho. Vilivyobadilika ni vidude vya ukubwa wa kucha ya kidole, na nyuma ya karibu kila badiliko unaweza kumwona mtu aliyelihitaji: baharia, askari wa miguu, polisi, au mtu wa kiwandani anayehesabu saa za mashine.

Mwanzo wake ni bastola ya Hugo Borchardt, iliyotolewa na kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin mwaka 1893. Ilikuwa na shabaha nzuri, na kasha la risasi tayari lilikuwa ndani ya mpini, jambo lililokuwa geni wakati huo. Lakini springi yake ilikaa kwenye kibweta kikubwa kilichochomoza nyuma ya mpini, kwa hiyo uzito wote ulivutia nyuma na kuishika kwa mkono mmoja ilikuwa taabu. Zilitengenezwa kama 3,000 tu. Kampuni ya Loewe ikaingia ndani ya kampuni mpya, Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, maarufu kwa herufi DWM, na huko kazi ya kuirekebisha ikaangukia kwa Georg Luger, mzaliwa wa Tyrol nchini Austria. Akaulaza mpini, akaufupisha mwili, akakiondoa kile kibweta na kuiingiza springi ndani ya mpini wenyewe, nyuma ya kasha la risasi. Uswisi ikaikubali mwaka 1900, ikitumia risasi ya milimita 7.65.

Ili mabadiliko yote yaliyofuata yaeleweke, lazima kwanza tuuelewe mtambo wake. Komeo linaloziba nyuma ya risasi limeungwa na vyuma viwili vyenye kiungo katikati, na kiungo hicho hufanya kazi kama goti. Mtu akisimama wima, mguu ulionyooka hubeba uzito mkubwa bila shida. Lakini mguse kidogo nyuma ya goti, anakunjika palepale. Risasi inapolipuka, goti la Luger limenyooka, na nguvu yote ya baruti inakuja moja kwa moja kwenye mstari wake, kwa hiyo halifunguki. Mtutu na goti vinarudi nyuma pamoja kwa umbali wa zaidi kidogo ya sentimita moja. Hapo vile vifundo vya duara vinagonga miteremko miwili iliyochongwa kwenye fremu, goti linasukumwa juu na kukunjika, komeo linarudi nyuma likiwa limevuta ganda tupu, ganda linarushwa nje. Kisha springi inalinyoosha goti tena, na komeo likienda mbele linachukua risasi nyingine na kuiingiza chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa. Goti linapoanza kukunjika, risasi iliyopigwa imeshatoka mtutuni na presha imeshuka. Ni mtambo mzuri sana kuutazama, na ni mtambo mwepesi kukasirika. Risasi ikiwa dhaifu kidogo, goti halikunjiki hadi mwisho. Springi ikichoka, goti halinyooki sawasawa.

Ndiyo maana naanzia kwenye springi.

Kwenye bastola za mwaka 1900, springi kuu ilikuwa ya bapa: vipande virefu vya chuma kama upamba mwembamba, vimeunganishwa kwa ribiti, vikajikunja ndani ya nafasi finyu nyuma ya kasha la risasi. Springi hii ilikuwa na kazi mbili zinazopingana. Goti linapokunjika inatakiwa ilegee vya kutosha ili mtambo ufunguke hadi mwisho. Goti linapotakiwa kunyooka, springi ileile iwe na nguvu ya kutosha kuchomoa risasi kwenye kasha, kuisukuma chemba, na kulifikisha goti kwenye mstari wake ulionyooka kabisa. Springi ya bapa inabeba kazi hiyo kwa kupinda, na kupinda kwake hukusanya mkazo mahali pamoja. Hapo ndipo chuma kinapochoka na hatimaye kukatika, na ikikatika bastola imekufa hadi fundi aibadilishe.

Halafu risasi yenyewe ikabadilika. Mwaka 1902 Luger alichukua ganda la milimita 7.65, ambalo lilikuwa limebanwa shingoni, akalifungua shingo lishike risasi ya milimita 9. Hilo lilikuwa badiliko la akili sana, maana kitako cha ganda kilibaki na ukubwa uleule: komeo halikuguswa, kasha la risasi halikuguswa, kilichohitajika ni mtutu mpya tu. Hiyo milimita 9 ya Parabellum ndiyo hadi leo inayotumika kwenye bastola nyingi za majeshi na polisi duniani. Risasi ilikuwa nzito zaidi, na kila ilipolipuka springi ile ya bapa ilikuwa na kazi zaidi ya kufanya.

Mwaka 1906 DWM ikaweka springi ya kuzunguka, waya uliosokotwa mduara juu ya mduara, na mkazo ukagawanyika kwenye urefu wote wa waya. Kwa nje hakuna aliyeona tofauti. Hata hivyo wanaozichunguza bastola hizi hutumia springi hiyo kama mpaka: kabla yake ni modeli ya zamani, baada yake ni modeli mpya. Nakubaliana nao. Mtu akiniuliza ni kipande gani kimoja kiliifanya Luger ifae kuwa silaha ya jeshi kubwa, nitasema ni huo waya.

Springi hiyo ndiyo iliyokiondoa kile kijikufuli cha kifundo cha kulia. Wabunifu wa mwanzo walihofia kwamba goti likinyooka kwa kishindo linaweza kudunda na kujiinua kidogo kabla ya kutulia. Kwa hiyo ndani ya kifundo cha kulia wakaweka ndoano ndogo yenye springi yake, ikanasa kwenye pengo lililochongwa kwenye fremu kila mtambo ulipofunga. Ndiyo sababu vifundo vya zamani vina umbo la ajabu: vimebonyea katikati na sehemu ya ukingo wake haina michoro ya kushikia, ili ndoano ipate nafasi na vidole vijue pa kushika. Springi mpya ilipoonekana kulishikilia goti vizuri bila msaada, ndoano ikatolewa, pengo likaachwa kuchongwa, na vifundo vikawa bapa vyenye michoro pande zote. Kipande kimoja kubadilika kukasababisha vitatu vingine vibadilike. Hili hutokea mara nyingi kwenye mashine, na kwenye Luger linaonekana waziwazi kwa sababu hakuna kilichofichwa: vifundo viko juu, machoni pa kila mtu.

Kucha ya kuvutia ganda nayo ina hadithi yake. Ya kwanza ilikuwa kibao chembamba cha chuma juu ya komeo, kinachojipinda chenyewe na kung'ang'ania ukingo wa ganda. Ilitosha kwa kazi ya kuvuta. Tatizo lilikuwa kwamba ukiitazama bastola kwa nje, hukuweza kujua kama kuna risasi chemba au hakuna. Kwenye bastola yenye nyundo ya nje walau unaona nyundo imeinuka au imelala. Luger haina nyundo, pini inayopiga fataki, kile kidonge cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, imejificha ndani ya komeo. Kucha mpya ikatengenezwa kama mbao ndogo ya pembea yenye springi ya mduara chini yake. Chemba ikiwa tupu, inalala sawa na mgongo wa komeo. Risasi ikiwa ndani, ukingo wa ganda unaiinua mbele, na ubavu wake unachomoza. Kwenye ubavu huo wa kushoto wakaandika neno: GELADEN kwa Wajerumani, LOADED kwa soko la Marekani, CARREGADA kwa jeshi la Ureno.

Maandishi ni ya mchana. Jambo zuri zaidi la kucha hii ni kwamba gizani unapitisha kidole juu ya komeo na unapata jibu. Kipande kimoja, kazi mbili, na hakuna hata skrubu moja iliyoongezwa. Katika mabadiliko yote ya Luger hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine, maana linamlinda mshikaji bila kumtaka akumbuke chochote.

Usalama ni mada ndefu zaidi, kwa sababu hapo wanajeshi wenyewe hawakukubaliana.

Bastola ya mwaka 1900 ilikuwa na usalama wa mpini: kibao kilichochomoza nyuma ya mpini, ambacho kiganja lazima kikibonyeze ndipo bastola ipige. Usipoishika barabara, hailii. Juu yake kulikuwa na wenzo mdogo ubavuni wa kukifunga kile kibao kisibonyezeke kabisa. Waswisi walikipenda kibao hicho na hawakukiacha hadi mwisho. Jeshi la Marekani lilinunua bastola 1,000 mwaka 1901 ili askari wake wazijaribu, nazo zilikuwa na kibao hichohicho. Jeshi la Wanamaji la Ujerumani lilipoichagua Luger mwaka 1904, ikiwa na mtutu wa milimita 150 na kilenga cha nyuma chenye nafasi mbili, mita 100 na mita 200, nalo lilibaki na kibao hicho. (Ni jeshi lilelile ambalo meli yake, Königsberg, ilizamia katika delta ya Rufiji Julai 1915 na wanamaji wake waliobaki wakaendelea na vita nchi kavu.)

Jeshi la nchi kavu la Ujerumani lilipoikubali mwaka 1908, na kuipa jina P08, likakiondoa kibao. Ikabaki kazi ya wenzo wa ubavuni peke yake: ukiushusha chini, neno GESICHERT linaonekana, maana yake bastola imefungwa, ukiupandisha, iko tayari kupiga. Ndani yake, wenzo huo unainua kibamba kinachouzuia ufito unaoishika pini. Ufito huo uko ubavuni kushoto, na kazi yake ni kuishikilia pini nyuma hadi kifyatulio kiusukume kando.

Sasa tazama mkanganyiko uliozuka. Kwenye bastola za kwanza za wanamaji, nafasi ya kufunga ilikuwa juu. Kwenye P08 ilikuwa chini. Nchi moja, bastola moja, na dole gumba linatakiwa kwenda pande mbili tofauti kutegemea umevaa sare gani. Kuanzia mwaka 1912 bastola hizo za wanamaji zikarudishwa kwa mafundi, alama ya zamani ikafutwa, na nafasi ya kufunga ikahamishiwa chini. Bastola zilizofanyiwa hivyo hadi leo zina kovu la kazi hiyo ubavuni, na ukilijua utalitambua mara moja. Wapo wanaolihesabu kovu hilo kama dosari. Mimi nalihesabu kama ushahidi kwamba kuna mtu aliyefikiria mkono wa baharia usiku wa mapigano, akaona fujo hiyo haifai kuendelea.

Tatizo lingine lilijitokeza kwenye ule ufito. Wenzo ukiwa chini, ufito ulibanwa kabisa usisogee. Lakini ili goti lifunguliwe kwa mkono na pini irudi nyuma hadi mahali pake, ufito lazima usogee kidogo kando ili kidole cha pini kipite. Kwa hiyo bastola iliyofungwa haikuweza kujazwa wala kutolewa risasi: askari alilazimika kwanza kuondoa usalama, kisha avute goti. Yaani wakati wa hatari kuliko wote, risasi inapoingia au kutoka chemba, ndio wakati ambao usalama ulitakiwa uondolewe. Dawa yake ilikuja wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa wazo la Luger mwenyewe mwaka 1916: ufito ukapunguzwa unene upande wa mbele, chuma kidogo tu kikaondolewa, na tangu hapo pini ikaweza kupita hata wenzo ukiwa chini. Hakikuongezwa kipande chochote. Kiliondolewa kipimo cha chuma ambacho hakijai kijiko.

P08 ilikuwa na upungufu mwingine wa kushangaza. Bastola za mwaka 1900 zilikuwa na kizuizi kinacholiacha goti wazi baada ya risasi ya mwisho, ili mpigaji ajue kasha limeisha. Jeshi lilipotoa agizo lake la mwaka 1908 kizuizi hicho kikaachwa. Askari akimaliza risasi zake nane, goti lilijifunga juu ya chemba tupu kana kwamba kuna nyingine imeingia. Mwaka 1913 kizuizi kikarudishwa, na bastola zilizokwisha kutolewa zikaitwa ziongezewe. Mwaka huohuo nyuma ya mpini kukawekwa kijino cha kushikia kitako cha mbao cha kuegemeza begani, kwa sababu kikosi cha mizinga kilikuwa kinapewa Luger yenye mtutu mrefu wa milimita 200. Kijino hicho kikaendelea kuchongwa hata kwenye bastola fupi ambazo hazikukusudiwa kufungwa kitako.

Askari wa mstari wa mbele walipokwisha kurudi nyumbani, Luger ikaingia mikononi mwa polisi, na polisi wakagundua hatari ambayo vita haikuwapa watu nafasi ya kuitafakari. Ili kuifungua Luger kwa usafi, unageuza wenzo mdogo mbele ya kifyatulio, unaliondoa bamba la ubavuni kushoto, kisha mtutu na goti vinateleza mbele na kutoka kwenye fremu. Bamba likishatoka, ule ufito uko wazi kabisa. Kama mtu alisahau risasi chemba, sehemu ya juu ya bastola ikiwa mkononi, imetengana na mpini, imetengana na kifyatulio, inaweza kupiga kwa kubonyezwa tu ubavuni. Na ubavuni ndipo mkono unaposhika. Wapo watakaosema kosa ni la mwenye kuisafisha kwa kutoangalia chemba kwanza. Ni kweli sheria ya kwanza ni hiyo. Lakini mtambo unaoweza kupiga ukiwa nusu bila kifyatulio una kasoro yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 polisi wa Ujerumani wakaitibu kwa kifaa kilichobuniwa na fundi wa Berlin aitwaye Schiwy: kibao chembamba kilichopigiliwa ubavuni, kinachoukandamiza ufito pale bamba linapoondolewa. Bamba likirudi mahali pake, linakiinua kibao, na bastola inafanya kazi kama kawaida. Luger nyingi za polisi bado zina kibao hicho, au matundu yaliyobaki kilipong'olewa.

Mabadiliko mengine nitayapitia haraka. Vitako vya makasha ya risasi vilikuwa vya mbao, vikapasuka. Vikaja vya alumini, kisha vya plastiki. Pini ikachongwa mifereji ili fataki ikitoboka, gesi ipate njia ya kutokea badala ya kuisukuma pini nyuma kwa nguvu. Vipande vidogo kama kifyatulio na wenzo wa usalama vilikuwa na rangi ya manjano kama majani makavu, inayotokana na kuchomwa moto kwa kiasi maalumu. Mwaka 1937 Mauser, waliokuwa wameurithi uzalishaji tangu 1930, wakaiacha rangi hiyo na kuvitia weusi sawa na mwili mzima. Ilikuwa ni kuokoa muda.

Na muda ndio uliokuja kuimaliza Luger. Chunguza P08 ya kijeshi kwa karibu utaona namba ndogo za tarakimu mbili zimegongwa karibu kila mahali: kwenye kifyatulio, kwenye wenzo, kwenye kucha, kwenye vyuma vya goti. Ni tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola yenyewe. Ziligongwa kwa sababu kila kipande kilitiwa tupa na kupimwa kwa mkono hadi kikubaliane na jirani zake, kwa hiyo hukuweza kuchukua ufito wa bastola hii ukautia kwenye ile ukitegemea utafanya kazi. Mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali mjini Erfurt na wa DWM mjini Berlin waliweza kufanya hivyo kwa bastola zaidi ya milioni moja wakati wa Vita ya Kwanza, na kazi yao inastahili heshima. Lakini ni gharama kubwa kwa silaha ambayo askari wengi hawakuipiga hata mara moja.

Waswisi, waliokuwa wanajitengenezea Luger zao Bern, walijaribu kuishusha gharama bila kuiacha. Modeli yao ya 1929 ina vifundo laini visivyo na michoro, mbele ya mpini pamenyooka badala ya kujikunja, na kile kibao cha usalama cha nyuma kimerefushwa. Wajerumani walichagua njia nyingine. Mwaka 1938 wakaikubali Walther P38, isiyo na goti, isiyohitaji tupa nyingi, na yenye nyundo ya nje inayoonekana. Mauser waliacha kulitengenezea jeshi Luger mwaka 1942. Ndani ya P38 kuna pini ndogo inayochomoza nyuma, juu ya nyundo, kila risasi inapokuwa chemba. Unaigusa gizani kwa dole gumba, na unapata jibu lilelile ambalo kucha ya Luger ilianza kulitoa zaidi ya miaka thelathini kabla yake.